Mashua Hairudi Leo: Siku Zangu Sita za Wete, Pemba

Nilikwenda Wete kutafuta kimya. Mimi ni mhasibu wa duka la pembejeo mjini Morogoro, na mtu akishinda mwaka mzima na hesabu za mbolea na madeni ya wakulima, hufika mahali hata mlio wa simu ukamkera. Rafiki yangu mmoja aliyezaliwa Wete ndiye aliyenitia wazo hilo. Nilimuuliza huko kuna nini. Akajibu, "Hakuna kitu," na akalitamka kama mtu anayesifia kwao.

Hakunidanganya, ila hakunimalizia. Nayaandika haya kwa mtu wa bara anayetaka kwenda Pemba mara ya kwanza, hasa mwanamke anayesafiri peke yake, asije akalipa nilicholipa mimi. Nilipanga kutumia shilingi 450,000 kwa safari nzima. Nilitumia 612,000, na kila shilingi iliyozidi naijua ilikokwenda. Ndiyo kazi yangu.

Kosa la kwanza nililifanya kabla sijapanda meli: nilikula. Jana yake nilikuwa nimevuka kutoka Dar hadi Unguja bila hata kizunguzungu, nikajiona baharia. Asubuhi, karibu na bandari ya Malindi ya pale Unguja, nikaagiza supu, chapati mbili na soda, nikala nikashiba kama mtu anayekwenda kulima. Ilikuwa mwishoni mwa Agosti, upepo wa kusi bado unavuma. Mwanzo wa safari meli inakwenda imekingwa na kisiwa cha Unguja chenyewe, kwa hiyo unakaa unapiga picha. Ikishaipita ncha ya Nungwi, kinga imekwisha. Upepo na mawimbi ya bahari kuu vinakuja ubavuni, na meli inaanza kupanda na kushuka, ikipanda unabaki chini, ikishuka unabaki juu.

Sitaeleza yaliyofuata. Mhudumu alikuwa akipita na mifuko, nami nilitumia mitatu. Mama mmoja wa makamo aliyekaa jirani yangu, amevaa buibui na ameshika kikapu mapajani, alinipasulia ndimu akanipa ninuse. Akanishika kichwa kama mwanawe. "Simu weka. Tazama mbali, kule maji na mbingu zinapokutana." Ilisaidia, kidogo. Halafu nikagundua kwamba hata waliokuwa wakizungumza kwa sauti wamenyamaza, na wengine midomo inacheza kwa dua. Nikakumbuka. Maji yale ya Nungwi ndiyo yaliyoimeza MV Spice Islander usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba, imejaa watu. Kwa mtu wa Morogoro ile ni habari ya redioni. Kwa watu niliokaa nao, ni kaka na shangazi. Sikumuuliza mama yule kitu, naye hakusema kitu.

Basi: kula kidogo na kikavu, mkate au biskuti, saa mbili hivi kabla. Kaa katikati ya meli, ghorofa ya chini, siyo mbele kwenye kioo kikubwa nilikokimbilia mimi kwa ajili ya mandhari. Vidonge vya kichefuchefu vinamezwa kabla ya safari. Ukivimeza Nungwi umechelewa.

Meli inashusha Mkoani, kusini mwa kisiwa. Wete iko kaskazini, kama kilomita sitini. Unapanda daladala namba 603 hadi Chake Chake, kisha 606 hadi Wete. Hapo ndipo nilipoanza kupona. Nilidhani Pemba ni Unguja ndogo, mchanga na minazi. Sivyo kabisa. Ni vilima na mabonde, kijani juu ya kijani, barabara inajikunja, na kila inapojikunja unaona kipande cha bahari kimejipenyeza ndani ya nchi kati ya mikoko. Waarabu wa zamani walikiita kisiwa cha kijani, na hawakutia chumvi. Halafu ile harufu. Pembeni mwa barabara, mbele ya nyumba, hata uwanja wa mpira, karafuu zimetandazwa juu ya majamvi zikianikwa juani. Dirisha la daladala lilikuwa wazi, nikavuta pumzi hadi kifua kikauma.

Nyumba ya wageni nilikuwa nimeipata mtandaoni, shilingi 40,000 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi. Picha ilionyesha ufukwe mweupe na maandishi "hatua chache kutoka baharini". Hatua zilikuwa chache kweli, ila bahari ya Wete haina ufukwe. Mji umekaa kwenye mteremko, barabara moja kubwa inashuka hadi gatini, na chini kuna mikoko na tope. Ufukwe ule wa pichani ni Vumawimbi, kule juu karibu na Ras Kigomasha, daladala na bodaboda kutoka nilipokuwa. Nilimkasirikia mama mwenye nyumba, mwanamke mpole aliyenipokea kwa maji ya madafu. Akaniuliza kwa mshangao wa kweli, "Kwani hukuuliza?" Sikuuliza. Ningepiga simu ya dakika mbili ningejua. Ukiona picha ya nyumba Pemba, piga simu, uliza mchanga uko wapi, uliza maji ya bomba yanatoka saa ngapi, uliza chakula cha jioni ni cha kuagiza mapema au vipi. Wete si mji wa kukuta migahawa wazi saa tatu usiku.

Kesho yake, Jumatano, saa nne asubuhi, nilitoka na taulo begani na suruali ya kubana hadi gatini, nikidhani kama mchanga haupo basi angalau nitajirusha majini. Maji hayakuwepo. Nasema hayakuwepo, bahari yote imeondoka, imebaki tope inang'aa, kaa wanakimbia, na ngarawa zimelala ubavu. Wazee wawili walikuwa wanashona jarife, wavu wa kuvulia samaki, kivulini. Nikamuuliza mmoja moja kwa moja, "Samahani, maji yanarudi saa ngapi?" Akaniangalia, akatabasamu. "Asalaam aleikum."

Nilijisikia vibaya. Mimi Mkristo, lakini nimelelewa Morogoro, salamu naijua. Ni haraka ya duka ndiyo iliyonitoka mdomoni. Nikaitikia, nikaamkia shikamoo, tukaulizana habari za kwetu na za kwao, za njiani, za mvua, za watoto. Dakika tano nzima. Ndipo mzee akanipa somo ambalo laiti ningelisikiliza vizuri lingeniokolea pesa.

Akasema: jana usiku mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo sasa ni bamvua. Siku za bamvua maji hujaa sana na kupwa sana. Ukiona mwezi mpevu au mwezi mwandamo, huku kwetu maji kamili ni mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa ni mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Halafu kila siku yanachelewa, kama dakika hamsini hivi. Baada ya wiki moja yanakuwa maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji juu. "Wavuvi, wenye mashua, wanawake wa pweza, sote twatazama mwezi. Saa yako ya mkononi huku ni ya kujua kipindi cha swala." Akacheka. Nikacheka. Nikaandika kwenye simu, nikafikiri nimeelewa.

Kuhusu mavazi, hakuna aliyenisema. Lakini nilipopanda mteremko kurudi niliona vile watu wanavyoangalia pembeni kwa adabu, na hilo lilinichoma kuliko kusemwa. Mama mwenye nyumba alinisubiri mlangoni na dera lake moja na mtandio. "Joto hili, dada, dera linapitisha upepo." Akaniachia njia ya kukubali bila aibu. Nilivaa dera siku zote zilizobaki.

Siku hiyo hiyo mchana nikagundua sina pesa taslimu ya kutosha. Mashine ya benki niliyoikuta ilikuwa haina mtandao. Wakala wa simu wa kwanza hana floti, wa pili amefunga amekwenda shamba. Kila mtu amekwenda shamba! Hapo ndipo nilipong'amua kwamba kile kimya nilichokuwa nakisifia tangu jana, maduka nusu yamefungwa, vibaraza vitupu, hakikuwa usingizi. Ni msimu. Vijana wote wako juu ya mikarafuu. Nikapanda daladala kurudi Chake, nikatoa pesa, nikarudi: shilingi 3,000 na nusu siku. Toa pesa zako Unguja kabla ya kuvuka, uzigawe mifuko miwili.

Sasa nije kwenye Alhamisi.

Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa ya Ijumaa, meli ya saa mbili asubuhi kutoka Mkoani. Alhamisi ilikuwa jioni yangu ya mwisho, na nilitaka kupanda mashua hata mara moja. Mbele ya Wete kuna kisiwa cha Fundo, unakiona kirefu kimelala kama mtu aliyejifunika shuka. Nikashuka gatini saa kumi kasoro. Maji yanajaa, tope lote limefunikwa, mji umekuwa mwingine kabisa, vyombo vinaelea. Kuna mashua inapakia watu na magunia ya unga na madumu. "Inakwenda Fundo?" "Yenda." "Nauli?" "Elfu mbili." Nikapanda, nikafurahi kwamba nimepata kwa elfu mbili safari ambayo wageni wanaikodi kwa makumi ya maelfu.

Hebu msomaji fikiri nilivyopaswa kufikiri. Watu wa Fundo wanakwenda Wete asubuhi kuuza samaki na kununua mahitaji. Jioni wanarudi kwao. Mashua ile ilikuwa inarudi nyumbani. Mama aliyekaa karibu yangu aliniuliza, "Wenda kwa nani?" Nikasema, "Natembea tu." Akanitazama usoni, akamtazama jirani yake, na wote wawili wakawa hawana la kusema. Ningeuliza swali moja tu: inarudi lini? Nilikuwa na somo zima la mwezi na maji kwenye simu, lakini sikuuliza kuhusu watu.

Fundo nilitembea kwa raha. Watoto walinifuata wakihesabu hatua zangu. Nilipiga picha hadi simu ikazimika. Jua lilipoanza kuzama nikarudi pale tuliposhukia. Mashua imefungwa, tanga limekunjwa, na nahodha ndiyo anatoka kutawadha.

"Mashua hairudi leo, dada. Yarudi kesho alfajiri."

Nilianza na hasira, nikaja na maombi, nikamalizia na pesa. Nikasema nitalipa elfu sitini. Mfukoni nilikuwa na elfu ishirini na mbili, lakini nilishajisemea nitalipa tukifika. Hakunikatalia kwa ukali. "Si pesa. Maji yatoka sasa hivi, na njiani kuna mafungu ya mchanga. Nikikwama nawe usiku, nitamwambia nini mumeo?" Sina mume, lakini sikuona haja ya kusahihisha.

Yule mama wa mashuani ndiye aliyenichukua. Hakunikaribisha kwa maneno mengi. Alisema tu, "Haya, twende," akanipa gunia dogo la unga nibebe. Tulipofika kwake alimtuma mtoto kwa sheha. Hili wengi wa bara hatulijui: Zanzibar kila shehia, yaani eneo dogo la utawala, ina sheha, kiongozi wake wa serikali, na mgeni akilala nyumbani kwa mtu, sheha anapaswa kujua. Alikuja mwenyewe na tochi. Aliniuliza jina, natoka wapi, nimefikia wapi Wete. Akaomba kitambulisho. Kitambulisho nilikiacha chumbani, na picha yake ilikuwa kwenye simu iliyozimika. Walinitafutia chaja, haikuingia. Nilisimama pale uani nikiwa mwanamke wa miaka thelathini na sita asiye na karatasi, asiye na simu, amevaa dera la kuazima. Mama yule akasema, "Sheha, huyu ni mgeni wangu." Basi, yakaisha.

Tulikula wali wa nazi na pweza ambaye binti yake alimpata mwambani mchana ule, maana bamvua ndiyo siku za pweza. Maji yanakwenda mbali, mwamba unabaki wazi. Sijala pweza laini hivyo kabla wala baada. Waliniuliza Morogoro kuna bahari? Hakuna. Mnakula samaki gani? Nikawaeleza perege na kambale, wakasikiliza kwa huruma.

Nililala kitanda kimoja na mabinti wawili. Usiku nilianza kulia polepole, kwa ajili ya meli, kwa ajili ya bosi, na kwa ajili ya upumbavu wangu. Mdogo, kama miaka saba hivi, akaamka. "Walia nini?" Nikamwambia nimekosa meli. Akafikiri. "Ntakuazima ya baba, lakini ni ngarawa." Akageuka, akalala.

Mashua iliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, baada ya swala, maji yamejaa tena hadi kwenye mizizi ya minazi. Nilijaribu kumpa mama yule elfu ishirini. Aliusukuma mkono wangu kama anayefukuza nzi. Nilikosea namna, nadhani. Baadaye mwenyeji wangu wa Wete alinieleza kwamba ukilala kwa mtu usimtolee noti mbele ya watoto, mpelekee kitu. Jioni ile nilituma kwa mashua hiyo hiyo sukari kilo mbili, majani ya chai, sabuni, na kanga aliyoniazima usiku nikiwa nimeifua na kuikunja.

Tulifika Wete karibu saa moja. Mkoani ni kilomita sitini na meli ni saa mbili. Gari la kukodi lilitaka pesa nisizokuwa nazo mfukoni, na hata ningekuwa nazo geti lingekuwa limefungwa. Nilipanda mteremko polepole. Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa barazani, macho mekundu. Mwanawe alikuwa ameshuka gatini mara mbili usiku na taa akiniulizia, hadi mtu akakumbuka kuona mgeni kapanda mashua ya Fundo. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Mwanamke unayesafiri peke yako, aga. Hata kama unakwenda dukani na hupendi kuulizwa, sema ninakwenda mahali fulani na nitarudi saa fulani.

Tiketi iliyopitwa imepitwa. Wakala alinieleza hivyo bila kunyanyua kichwa. Meli iliyofuata ilikuwa Jumapili, kwa sababu wakati ule huko hazikuwa zikisafiri kila siku kama za Dar na Unguja. Usipange kazi wala tiketi ya basi siku inayofuata baada ya meli ya Pemba. Acha siku mbili katikati. Nilimpigia bosi, akasema Jumatatu yangu itakatwa kwenye likizo ya mwakani. Haya.

Na hapo ndipo likizo yangu ilipoanza, nikiwa sina ratiba tena.

Ijumaa jioni karafuu mbichi zililetwa ua wa nyuma kutoka shamba, magunia matatu, na wanawake wa jirani wakaja kukaa kwenye mikeka kuzichambua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa ungo. Kazi yenyewe ukiitazama ni rahisi: unashika kishada, unakisugua kwenye kiganja, karafuu zinaanguka upande huu, makonyo, yaani vile vijiti, upande mwingine. Makonyo hayatupwi, nayo yanauzwa, yanakamuliwa mafuta kiwandani Chake. Baada ya nusu saa viganja vyangu vilikuwa vyeusi na vinawaka. Wenzangu walikuwa wamejaza pishi mbilimbili huku wanasimuliana harusi. Mimi sijafunika kitako cha pishi. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, ndiye aliyekuwa na kasi kuliko wote, na alifanya hivyo bila kutazama.

Yeye ndiye aliyenieleza kwa nini karafuu ni za Pemba, wakati dunia nzima inasema za Zanzibar kama kwamba ni za Unguja. Zamani Unguja ilikuwa nazo nyingi. Ikaja tufani, mwaka 1872, ikang'oa mikarafuu ya Unguja karibu yote, Pemba ikanusurika. "Mungu alitazama huku," alisema. Halafu akaongeza, bila kubadili sauti, kwamba mumewe alianguka kutoka kwenye mkarafuu na hakutembea tena sawasawa. Mikarafuu mirefu, matawi yake hukatika ghafla. Nilikuwa nikinunua karafuu sokoni Morogoro, vijiko viwili kwenye kikaratasi, na hata siku moja sikuwahi kufikiri kwamba mtu alipanda.

Jumamosi nilikwenda Vumawimbi hatimaye. Daladala hadi Konde, halafu bodaboda kupita ndani ya msitu wa Ngezi, ambako mchana kunakuwa kama magharibi na ubaridi unakupiga usoni ghafla. Msitu ule una mpapindi, mti mwembamba wa porini wa jamii ya minazi unaoota Pemba, na ukitaka kutembezwa kuna waongozaji pale langoni. Ufukwe wenyewe ni mweupe, mrefu, na sikuukuta na mtu zaidi ya wavuvi mbali. Niliogelea na dera. Ni pazuri kama kwenye ile picha. Sina la kuongeza. Nilikaa saa tatu nikarudi. Beba maji ya kunywa na chakula, hakuna duka, na patana na bodaboda akusubiri au akufuate saa fulani, kwani hutapata mwingine anayepita.

Njiani kurudi, karibu na Konde, kijana mmoja aliniuzia karafuu kavu kilo mbili, shilingi 24,000. Nilifurahi kuliko kila kitu nilichonunua safari ile. Nikafika nyumbani nikamwonyesha mama mwenye nyumba kama mtoto anayeonyesha daftari. Akafunga mlango.

"Dada, hizi umezitoa wapi?"

Karafuu Zanzibar si kama mahindi. Mnunuzi ni serikali, kupitia Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC; mkulima anapeleka kituoni, zinapimwa daraja, analipwa. Kuuziana kichochoroni na kuzivusha ni magendo, na magendo ya karafuu watu wamefungwa kwayo. Bandarini mizigo inakaguliwa, na harufu ya karafuu haifichiki hata ukiifunga kwenye nguo kumi. Nilikuwa nakwenda kujipeleka mwenyewe getini na kilo mbili begani. Alizichukua, akazimwaga kwenye jamvi lake juu ya zile tulizochambua, akazitandaza kwa mguu. Hakunilipa, nami sikudai. Vipakiti vidogo vya viungo nilivinunua dukani Unguja nikatunza risiti, na hakuna aliyenisumbua.

Kwa wanaopenda hesabu: tiketi mpya 35,000, chumba siku mbili za ziada 80,000, chakula cha siku hizo 20,000, karafuu 24,000, Chake na kurudi 3,000. Usiku wa Fundo nao nilikuwa nimeshaulipia chumba nisicholala. Bei hizi ni za safari yangu, zako zitakuwa nyingine.

Jumapili nilipanda meli tumbo tupu, na kipande cha mkate mkononi na ndimu mfukoni. Nungwi tuliipita salama. Kijana mmoja mbele yangu, amevaa jezi, alikuwa amekula chipsi mayai bandarini. Nilimwona mapema nikajua. Nilimpasulia ndimu.

Wiki mbili baadaye simu iliita kazini, namba ya Pemba. Alikuwa mama mwenye nyumba, anauliza kama nilifika salama, habari za Morogoro, za mbolea, za wazazi. Tulikwenda na salamu kama dakika saba, na bosi ananitazama. Mwishoni akacheka kidogo. Akasema karafuu zimeshapelekwa kituoni, zimepata daraja zuri, alhamdulillahi. "Ila zile zako, dada, ilibidi tuzichambue upya. Makonyo matupu."